Elimu ya Afya ya Uzazi kwa Vijana Waliopitia Kiwewe: Kufundisha Bila Kutonesha Kidonda

Elimu ya afya ya uzazi na stadi za maisha hutolewa kwa vijana balehe shuleni, katika vituo vya kutolea huduma za afya na katika vikundi vya vijana vya kata kwa lengo la kuwalinda. Kupitia elimu hiyo vijana hujifunza mabadiliko ya mwili, hedhi salama, namna mimba inavyotungwa, kinga dhidi ya VVU na magonjwa mengine, pamoja na haki ya kila mtu juu ya mwili wake. Hata hivyo, miongoni mwa vijana wanaokaa kusikiliza somo hilo wamo ambao jambo linalozungumzwa limekwisha kuwapata. Kwao, somo lililoandaliwa kana kwamba hakuna aliyewahi kudhurika laweza kuwa chanzo kingine cha maumivu, na laweza kuwafanya wazidi kunyamaza.

Makala haya yanaeleza kiwewe ni nini, namna kinavyoathiri ujifunzaji wa kijana, marekebisho yanayohitajika katika kufundisha, na hatua ambazo mzazi, mwalimu, mtoa huduma za afya au mkazi yeyote wa kata anapaswa kuzichukua pindi mtoto anapofichua kwamba amefanyiwa ukatili.

UKUBWA WA TATIZO

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwahoji vijana wenye umri wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya kila 10 walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa upande wa wavulana, walikuwa takriban 1 kati ya kila 7. Aidha, takriban robo tatu ya wasichana na wavulana walisema walipata ukatili wa kimwili, kama vile kupigwa ngumi, mateke au viboko, kabla ya umri huo.

Utafiti huo ulionesha jambo jingine lenye uzito: ukimya. Ni takriban nusu tu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono ambao waliwahi kumweleza mtu yeyote. Kwa wavulana, ilikuwa takriban theluthi moja. Hivyo mwalimu au muuguzi anayesimama mbele ya vijana hawezi kujua kwa kuwatazama ni nani amepitia nini. Njia iliyo salama kwake ni kuchukulia kwamba wapo, na kuandaa kila somo kwa kuzingatia hivyo.

Ukatili wa kingono sio chanzo pekee cha kiwewe. Wamo vijana walioshuhudia mama akipigwa, waliofiwa na wazazi wote wawili, waliokimbia vita na kupata hifadhi katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, au waliopoteza ndugu na makazi katika maafa kama maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 2023. Baada ya msiba au kuhama kwa ghafla, mtoto mara nyingi hubaki chini ya uangalizi wa watu wasiomfahamu vizuri, na hapo hatari ya kudhulumiwa kingono huongezeka. Kwa sababu hiyo afya ya uzazi na kiwewe haviwezi kutenganishwa.

KIWEWE NI NINI

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalotokana na tukio la kutisha ambalo lilimzidi mtu uwezo wa kulikabili. Tukio huweza kwisha kwa dakika chache, lakini mwili huendelea kujihami kana kwamba hatari bado ipo. Sehemu ya ubongo inayohusika na tahadhari huwa nyepesi kushtuka, na sehemu inayohusika na kufikiri, kupima na kukumbuka hudhoofika kila mara hofu inapopanda. Harufu fulani, sauti, neno, mlango kufungwa au mkono kuwekwa begani huweza kumrudisha kijana katika tukio hilo bila yeye kutaka, na wakati mwingine bila yeye mwenyewe kuelewa kinachomtokea.

Mwili wa binadamu hukabili hatari kwa njia tatu kuu: kupambana, kukimbia, na kufa ganzi. Njia ya tatu haifahamiki sana katika jamii. Mtu anayeshambuliwa, hasa mtoto anayeshambuliwa na mtu mzima mwenye nguvu au mamlaka, huweza kushindwa kupiga kelele, kunyanyua mkono au hata kusogea. Hilo ni tendo la mwili lisilotokana na uamuzi wake, wala halimaanishi kwamba alikubali. Watoto wengi hukua wakijilaumu kwa miaka mingi kwa sababu hakuna aliyewaeleza ukweli huo.

Darasani, kiwewe huonekana kwa sura ambazo ni rahisi kuzidhania kuwa utovu wa nidhamu. Kijana mmoja huinamisha kichwa na kusinzia kila inapotajwa mada ya mwili. Mwingine hucheka kwa sauti na kufanya mzaha hadi somo linavurugika. Mwingine hutoroka siku ya somo hilo pekee. Mwingine hujibu kwa hasira anapoulizwa swali la kawaida. Dalili hizi peke yake si uthibitisho wa jambo lolote, kwani vijana husinzia na kucheka kwa sababu nyingi. Lakini mwalimu anayezijua hujizuia kuadhibu kabla ya kuuliza kwa upole na faraghani.

MAHALI SOMO LINAPOTONESHA KIDONDA

Kosa la kwanza na la kawaida zaidi ni somo linaloweka mzigo wote wa kinga mabegani mwa mtoto. Vijana huambiwa: sema hapana, piga kelele, kimbia, nawe utakuwa salama. Mafundisho hayo yana faida yake. Lakini yakitolewa peke yake, kijana aliyeshindwa kusema hapana, au aliyesema na asisikilizwe, huondoka na fundisho moja tu: kosa lilikuwa lake. Somo lililorekebishwa huongeza sentensi mbili zinazobadilisha maana yote. Ya kwanza: wakati mwingine mwili hufa ganzi na sauti haitoki, na hilo si kosa la aliyeshambuliwa. Ya pili: anayewajibika kwa ukatili ni yule aliyeutenda, hata kama aliyetendewa alikuwa amevaa nini, alikuwa wapi au alipokea zawadi gani.

Kosa la pili ni kufundisha kwa vitisho. Picha za viungo vilivyoharibiwa na magonjwa, simulizi za wasichana walioishia vibaya na maneno ya kuogofya kuhusu UKIMWI hushtua darasa zima, lakini kijana mwenye kiwewe hushindwa kabisa kusikia kinachofuata. Hofu ikishapanda, ubongo hauhifadhi maelezo. Kijana huyo huikumbuka picha, akasahau mahali pa kwenda kupima. Kama aliambukizwa kwa kudhulumiwa, vitisho humwambia kwamba maisha yake yamekwisha, ilhali dawa za kufubaza VVU hutolewa bila malipo na mtu anayezitumia ipasavyo huweza kuishi, kusoma, kuoa au kuolewa na kupata watoto.

Kosa la tatu ni kuwalazimisha vijana kujieleza hadharani. Mwalimu anayeuliza ni nani amekwisha kuanza mahusiano, anayewataka wasichana na wavulana waigize kutongozana mbele ya wenzao, au anayemtaka kila mmoja asimulie jambo lililomwathiri, huwaweka baadhi ya vijana mahali pasipo na mlango wa kutokea. Watalazimika kudanganya, kulia au kusema jambo ambalo kesho yake litakuwa gumzo la shule.

Kosa la nne limo katika lugha. Kiswahili kina maneno yenye staha, na staha ni jambo jema, lakini baadhi ya maneno tuliyoyazoea yana lawama ndani yake. Mtoto aliyebakwa husikia wakubwa wakisema kwamba ameharibiwa, naye huelewa kwamba yeye sasa ni kitu kilichoharibika. Ugonjwa alioambukizwa kwa nguvu huitwa ugonjwa wa zinaa, naye huelewa kwamba amezini. Viungo vya uzazi huitwa sehemu za siri, naye huelewa kwamba yanayotendeka huko lazima yawe siri. Somo lililorekebishwa husema mtoto amefanyiwa ukatili, husema magonjwa ya ngono, na husema sehemu binafsi za mwili: sehemu ambazo ni zake mwenyewe, ambazo hana budi kuzilinda, na ambazo akiguswa isivyo halali ana haki ya kusema. Mtoto anayejua majina halisi ya viungo vyake huweza pia kueleza kwa usahihi yaliyompata, iwe mbele ya daktari, polisi au mahakama.

Kosa la tano ni kuwasahau wavulana. Katika masomo mengi mvulana hutajwa kama mtu wa kuonywa asidhuru. Onyo hilo linahitajika, ila mvulana aliyelawitiwa hukaa akisikiliza somo ambalo halimtaji popote kama mtu anayeweza kudhulumiwa. Hofu ya kuchekwa na kuambiwa si mwanamume wa kweli huongeza kufuli juu ya mdomo wake. Inatosha mwalimu kusema waziwazi kwamba ukatili huwapata wasichana na wavulana, na kwamba wote wanastahili tiba na ulinzi uleule.

NAMNA YA KUREKEBISHA SOMO

Kurekebisha hakuna maana ya kupunguza elimu. Kijana aliyedhurika anaihitaji zaidi kuliko wengine, kwa sababu ana hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa tena, kupata mimba asiyoitarajia na kuambukizwa magonjwa. Kinachobadilika ni mpangilio, mazingira na namna ya kusema. Marekebisho mengi hayahitaji fedha.

Kabla ya somo, vijana waelezwe siku moja mbele ni mada gani itakayofundishwa na itafundishwa na nani. Mtu mwenye kiwewe huumizwa zaidi na jambo la ghafla. Somo lipangwe mapema katika wiki, na lisiwe kipindi cha mwisho cha Ijumaa, ili kijana aliyeguswa asiende nyumbani kwa siku mbili akiwa peke yake na mawazo yake, pengine katika nyumba ileile anamoishi aliyemdhuru. Mwalimu aonane mapema na mwalimu wa unasihi, na awe na majina ya Afisa Ustawi wa Jamii na mtoa huduma wa kituo cha afya cha karibu, ili asianze kuyatafuta baada ya mtoto kufichua.

Mazingira ya chumba yana sehemu yake. Mlango usifungwe kwa komeo. Fimbo isiwe juu ya meza. Mwalimu asimguse mwanafunzi bila kumwomba ruhusa, hata kwa nia ya kumliwaza. Pale inapowezekana, mada za hedhi au kuota ndoto nyevu zianze kufundishwa kwa makundi ya jinsia moja, kisha makundi yakutane kujadili heshima na ridhaa, kwa kuwa mada hizo zinawahusu wote kwa pamoja.

Mwanzoni mwa somo, mwalimu atangaze kanuni chache: hakuna anayelazimishwa kujibu, hakuna anayeuliza habari za maisha ya mwenzake, na yeyote anaweza kutoka nje kwa muda bila kutoa sababu. Ili anayetoka asionekane, ruhusa hiyo itumike kwa masomo yote, au mwalimu awe na kazi ndogo ndogo za kuwatuma vijana mbalimbali, kama kuchota maji ya kunawa au kupeleka daftari ofisini. Mifano itumie watu wa kubuni. Swali liwe: msichana huyu katika kisa angeweza kumwendea nani? Lisiwe: wewe ungefanya nini? Swali la kwanza humpa kijana nafasi ya kujifunza akiwa mbali kidogo na jeraha lake.

Sanduku la maswali ni chombo chenye manufaa makubwa, endapo litatumika kwa uangalifu. Kila mwanafunzi apewe karatasi ya ukubwa uleule na kila mmoja aandike kitu, hata kama ni maneno "sina swali", ili asiyekuwa na swali asimtambulishe mwenye swali. Mwalimu asome karatasi zote faraghani kabla ya kujibu mbele ya darasa. Akikuta karatasi inayodokeza ukatili, asiisome kwa sauti na asianze kulinganisha mwandiko hadharani. Alijibu darasa kwa jumla kwa kueleza tena ni nani wanaoweza kuonwa na wapi, kisha afuate utaratibu wa ulinzi wa mtoto.

Mwishoni, somo lisikatizwe kwa kengele mada ikiwa moto. Dakika tano za kufunga zitumike kwa jambo linalotuliza: wimbo, kupumua polepole, au kuzungumzia kipindi kinachofuata. Kila somo limalizike kwa kutaja tena mahali pa kupata msaada, kwa sababu kijana huenda asiwe tayari leo, akawa tayari baada ya miezi sita.

Kwa watoa huduma za afya kanuni ni zilezile. Kijana aliyefanyiwa ukatili huweza kuogopa kipimo cha kawaida kabisa. Muuguzi amweleze kila hatua kabla ya kumgusa, amuulize ni nani angependa awepo chumbani, na amwambie kwamba anaweza kusema "simama" wakati wowote. Maswali kuhusu sababu ya kufika kituoni yasiulizwe dirishani mbele ya foleni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Vijana wengi hawalijui hilo, na huacha kupima kwa kuogopa kuulizwa aliko mzazi.

MILA ZETU ZINA LA KUFUNDISHA

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba elimu ya mwili ni jambo geni lililoletwa na shule. Jamii nyingi za Tanzania zilikuwa na utaratibu wake wa kuwafundisha vijana kupitia jando na unyago. Katika maeneo ya pwani, msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyepewa dhamana ya kumfunda na kubaki mshauri wake hata baada ya ndoa. Baadhi ya mambo yaliyoambatana na mafunzo hayo hayafai kuendelezwa. Ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na mafunzo ya ndoa hayamfai mtoto ambaye bado yuko shuleni.

Lakini kiini cha utaratibu huo ni chema: kila kijana alikuwa na mtu mzima mmoja, mbali na wazazi wake, ambaye aliweza kumwuliza jambo lolote bila kuchekwa. Kijana mwenye kiwewe anahitaji mtu wa namna hiyo kuliko anavyohitaji kipeperushi. Wazazi wanaweza kumwuliza mtoto wao: ukipata jambo usiloweza kuniambia mimi, ungemwendea nani? Kama hana jibu, hapo ndipo pa kuanzia. Mtu huyo awe mwaminifu na familia imfahamu vizuri, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako, na wengi wanaodhulumu watoto ni watu ambao mtoto aliwaamini.

MTOTO ANAPOFICHUA

Somo likifundishwa vizuri, huenda mtoto akasema. Dakika za kwanza baada ya hapo zina uzito mkubwa. Anayeambiwa asikilize bila kumkatiza, asioneshe mshtuko, wala asiulize kwa nini alikwenda huko au kwa nini hakusema mapema. Maneno machache yanatosha: nakuamini, si kosa lako, umefanya vema kuniambia, tutatafuta msaada pamoja. Asimhoji kwa undani, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wataalamu, na kurudia simulizi mbele ya watu wengi humwumiza mtoto na huweza kuathiri ushahidi.

Asiahidi kutunza siri kwa kila hali. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa, na mtoto akigundua imevunjwa atajiona amesalitiwa mara ya pili. Amwambie ukweli: kuna watu ambao lazima wajue ili ulindwe, lakini nitakwambia kwanza ni nani na kwa nini, na hakuna mwingine atakayesikia kutoka kwangu.

Baada ya hapo, muda ni mfupi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa au kulawitiwa hufanya kazi zikianza kutumika ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Hutumika kwa siku 28 bila kukatiza. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo huweza kupewa dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, nayo pia hufaa zaidi ikitumiwa mapema. Kituo hutoa pia tiba ya magonjwa mengine ya ngono, matibabu ya majeraha na ushauri nasaha. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuchunguzwa, na nguo alizovaa zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Iwapo amekwisha kuoga, au saa 72 zimepita, bado apelekwe, kwa kuwa huduma nyingine zinahitajika vilevile.

Fomu ya Polisi Namba 3, maarufu kama PF3, hutolewa kituo cha polisi bila malipo. Kesi hupokelewa na Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo askari wamepewa mafunzo ya kuzungumza na waathirika faraghani. Mtoto mwenye hali ya dharura apelekwe kwanza kituo cha afya, na taratibu za polisi ziendelee wakati anapatiwa matibabu. Katika baadhi ya hospitali vimeanzishwa vituo vya huduma ya mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na Afisa Ustawi wa Jamii humhudumia mwathirika mahali pamoja ili asilazimike kurudia simulizi yake kila ofisi. Aidha, Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo na mtoto au mtu mzima.

WAJIBU WA KISHERIA NA MADHARA YA KUMALIZANA NYUMBANI

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Sheria hiyohiyo inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa kuitaarifu mamlaka ya serikali ya mitaa ya eneo lake. Mkazi wa kata anaweza kuanzia kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Ustawi wa Jamii, au mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyoundwa chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA).

Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake anahesabiwa kuwa amebaka, hata kama inadaiwa kwamba msichana alikubali. Adhabu kwa mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30, na aliye mbakaji wa mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Kulawiti mtoto ni kosa zito pia.

Licha ya hayo, kesi nyingi hufia njiani kwa sababu familia mbili zimekaa na kumalizana kwa fedha, ng'ombe au ahadi ya ndoa. Mapatano hayo hulinda jina la ukoo. Mtoto hubakia na jeraha, huendelea kukutana na aliyemdhuru kisimani au ibadani, na hujifunza kwamba maumivu yake yalikuwa na bei. Hakuna somo la stadi za maisha, hata likiwa zuri kiasi gani, linaloweza kufuta fundisho hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukatili unaofichwa humrudishia mtenda nafasi ya kumfikia mtoto mwingine.

MIMBA NA KURUDI SHULENI

Kwa baadhi ya wasichana, ukatili huacha mimba. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo, mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, anaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi wa shule. Kurejea huko hufanikiwa pale tu mazingira yanapomruhusu. Mwalimu wa stadi za maisha asimtumie msichana huyo kama mfano wa onyo, asimtake awasimulie wenzake, na asivumilie kejeli. Msichana aketi darasani kama mwanafunzi mwingine yeyote, na somo la afya ya uzazi limpe anachohitaji: elimu ya uzazi wa mpango, ya malezi, na ya haki zake.

KUMBUKUMBU KWA WALIMU NA WATOA HUDUMA

Baadhi ya wanaofundisha somo hili wamepitia ukatili wao wenyewe. Mwalimu anayehisi moyo kwenda mbio, kukosa usingizi au kuwa mkali kupita kiasi kila mada hii inapokaribia hana sababu ya kuona aibu. Anaweza kuomba mwenzake afundishe mada fulani, au wafundishe wawili wawili, jambo linalomnufaisha pia mwanafunzi anayehitaji mtu wa kumsindikiza nje. Anaweza kupata ushauri nasaha kupitia kituo cha afya kama mwananchi mwingine yeyote.

NINI KIFANYIKE NYUMBANI

Mzazi au mlezi ana nafasi ya kwanza. Anapopata taarifa kwamba shule itafundisha afya ya uzazi, amwulize mwalimu maswali manne: somo litafundishwa lini na nani, mtoto anaweza kutoka bila kuadhibiwa, maswali ya watoto yanatunzwaje, na mtoto akifichua jambo nani ataarifiwa. Shule iliyojiandaa itakuwa na majibu. Ambayo haina majibu itafaidika kwa kuulizwa.

Baada ya somo, mzazi asimhoji mtoto amefundishwa nini kwa sauti ya kutafuta makosa. Amwachie nafasi, kwa mfano wakiwa pamoja jikoni, shambani au njiani kutoka sokoni, kwa kuwa watoto wengi husema mambo mazito pale wasipotazamwa usoni. Na siku mtoto atakaposema, kazi ya kwanza ya mkubwa ni kuamini. Kutoka hapo, milango ya kituo cha afya, Dawati la Jinsia na Watoto, Ofisi ya Ustawi wa Jamii na Simu namba 116 iko wazi kwa kila mkazi wa kata bila malipo.